Sungusungu Ndani ya Utumbo: Jeni za Kinga Zinatuambia Nini Kuhusu Saratani ya Utumbo Mpana?

Tuanze na watu wawili. Ni wa kufikirika, ila ukikaa kwenye benchi la kliniki yoyote ya saratani utakutana na watu kama wao. Mmoja ni mama muuza dagaa wa Ukerewe, ana miaka 48. Mwingine ni dereva wa lori wa Geita, ana miaka 51. Wote wana saratani ya utumbo mpana, na wote wamefanyiwa upasuaji uvimbe ukatolewa. Majibu ya maabara ya patholojia yanafanana: hatua ya pili, yaani saratani imepenya ukuta wa utumbo lakini haijafika kwenye tezi za limfu. Kwenye karatasi hawa ni mapacha.

Miaka mitatu baadaye mama anauza dagaa kama kawaida. Dereva saratani imemrudia, na safari hii iko kwenye ini.

Kwa nini? Si lazima daktari awe amekosea, na karatasi haikudanganya. Tatizo ni kwamba tunapopanga saratani kwa hatua tunapima imefika wapi. Hatupimi mwili unapambana nayo namna gani. Upande huo wa pili ndio ninaoushughulikia kwenye utafiti wangu, na ndio nataka tuuangalie leo: jeni za kinga ya mwili zinazoweza kusaidia kubashiri nani atapona, nani ugonjwa utamrudia, na nani atafaidika na dawa ipi. Halafu tutauliza swali la kwetu sisi watu wa Kanda ya Ziwa: vipimo hivi vinatuhusu kiasi gani?

Ugonjwa wa wazungu?

Kwanza tuondoe dhana moja. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi miaka mingi Hospitali ya Mulago, Kampala, anajulikana kwa saratani ya watoto inayobeba jina lake. Lakini kuna jambo jingine aliloliona: saratani ya utumbo mpana ilikuwa adimu kwa wagonjwa wake Waafrika ukilinganisha na Ulaya. Mwaka 1971 alichapisha hoja kwamba sababu ni chakula, kwamba anayekula ugali wa nafaka isiyokobolewa, maharage na mboga anapata nyuzinyuzi nyingi na choo hakikai tumboni muda mrefu. Hoja yake ina nguvu hadi leo. Ulaji wa nyuzinyuzi unahusishwa na hatari ndogo ya saratani hii. Ila mtaani imebaki ile nusu ya hoja: "huo ni ugonjwa wa wazungu."

Sasa sikiliza takwimu za Mwanza. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, ile iliyo juu ya kilima na inayoonekana karibu kila kona ya mji, inapokea wagonjwa kutoka mikoa yote inayozunguka ziwa. Utafiti uliofanyika hapo na kuchapishwa mwaka 2013 ulihesabu wagonjwa 332 wa saratani ya utumbo mpana na puru kati ya Julai 2006 na Juni 2011. Umri wa kati ulikuwa miaka 46. Walio wengi sana walifika ugonjwa ukiwa umeshakomaa.

Hapo kwenye umri usikimbilie hitimisho. Tanzania ni nchi ya vijana, kwa hiyo karibu ugonjwa wowote ukiuhesabu hapa, umri wa kati utakuwa chini kuliko Ulaya kwenye wazee wengi. Hata hivyo miaka 46 ni umri wa mtu mwenye watoto shuleni. Ukimpoteza huyo umepoteza na ada, na shamba, na biashara.

Walinzi wa usiku

Kama umekulia Usukumani huhitaji kuelezwa sungusungu ni nini. Miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi, wanavijiji walijipanga wenyewe kulinda usiku. Mgeni akipita anaulizwa yeye ni nani na anaenda wapi. Yowe likipigwa, kila mwenye nguvu anatoka.

Mwilini mwako sungusungu ni seli nyeupe za damu zinazoitwa seli T. Zinazunguka kwenye tishu zikikagua. Kila seli ya mwili ina utaratibu wa kuonyesha kwa nje vipande vya protini inazotengeneza ndani, kama mtu anayetoa kitambulisho. Jeni za kundi la HLA ndizo zinazotengeneza hicho kishikio cha kitambulisho. Seli T ikiona kipande isichokijua, inashuku. Zile za aina ya CD8 zikithibitisha, zinaua: zinatoa protini ya pefori inayotoboa ukuta wa seli mbaya, kisha granzaimu inapita kwenye tundu na kuiamuru seli ijiue. Wakati huohuo zinapiga yowe, yaani zinatoa protini ya intaferoni gama, ambayo inaamsha jeni nyingine kama CXCL9 na CXCL10 ziwaite walinzi wengine waje.

Jeni zinaingiaje hapo? Karibu seli zako zote zina jeni zilezile, kama elfu ishirini hivi za kutengeneza protini. Tofauti ni zipi zimewashwa. Jeni ikiwashwa inanakiliwa kuwa ujumbe, tunauita RNA, na ujumbe huo unaweza kupimwa. Ukichukua kipande cha uvimbe na kupima RNA yake, ni kama umesimama nje ya kijiji usiku wa giza ukisikiliza. Humwoni mtu, ila ukisikia filimbi, mayowe na miguu inakimbia unajua walinzi wako macho. Ukisikia kimya, na wewe unajua mwizi yumo ndani, una sababu ya kuogopa.

Mwaka 2006 timu ya Jérôme Galon, Paris, ilichapisha kwenye jarida la Science kazi iliyobadilisha namna tunavyoitazama saratani hii. Walipima jeni za kinga na kuhesabu seli T ndani ya uvimbe na pembezoni mwake. Wagonjwa waliokuwa na seli T nyingi, na jeni za intaferoni gama na granzaimu zikiwa zimewashwa, ugonjwa uliwarudia mara chache zaidi. Katika data zao hesabu ya walinzi ilibashiri mwisho wa mgonjwa vizuri kuliko hatua ya saratani yenyewe.

Kutokana na hapo kikazaliwa kipimo cha Immunoscore: unahesabu seli zenye alama za CD3 na CD8 sehemu mbili, katikati ya uvimbe na kwenye mpaka wake, kisha unatoa alama. Mwaka 2018 jarida la The Lancet lilichapisha majaribio yake kwa wagonjwa 2,681 kutoka nchi 13, na matokeo yalisimama: alama ikiwa juu, uwezekano wa saratani kurudi unakuwa mdogo. Huenda hapo ndipo mama wa Ukerewe na dereva wa Geita walipotofautiana.

Mhakiki aliyelala

Lakini kwa nini uvimbe mmoja uvutie walinzi wengi na mwingine usivute? Jibu moja muhimu liko kwenye uhakiki wa vinasaba.

Chukua karatasi uandike "lalalalalalalalala" haraka haraka mara mia moja. Mahali fulani lazima utaongeza "la" moja au utapunguza. Seli nayo ina shida hiyohiyo. Kila inapogawanyika inanakili herufi zipatazo bilioni tatu, na humo kuna sehemu nyingi fupi zinazojirudiarudia. Tunaziita mikrosateliti. Hapo ndipo mnakilishaji anapoteleza.

Kwa bahati kuna wahakiki. Ni protini nne zinazofanya kazi wawili wawili: MLH1 na PMS2, kisha MSH2 na MSH6. Zinapita nyuma ya mnakilishaji na kusahihisha. Ikitokea moja ikaharibika, makosa yanarundikana, hasa kwenye zile mikrosateliti. Uvimbe wa namna hiyo tunasema una MSI, kifupi cha Kiingereza chenye maana ya mikrosateliti zisizotulia. Karibu asilimia 15 ya saratani zote za utumbo mpana ziko hivi. Kwa zile zilizokwishasambaa mwilini ni kama asilimia 5.

Utadhani uvimbe wenye makosa mengi ndio hatari zaidi. Kumbe makosa hayo yanatengeneza protini za ajabu, na protini za ajabu ndizo sungusungu wanazozitafuta. Uvimbe wenye MSI huwa umejaa seli T. Ni mwizi aliyeingia kijijini amevaa kengele.

Sasa mwizi huyo anaponaje? Anatembea na barua ya kughushi ya mtendaji: "Huyu ameshakaguliwa, mwacheni." Barua hiyo ni protini ya PD-L1. Seli T ina kitufe cha breki kinachoitwa PD-1. PD-L1 ikikigusa, seli T inatulia. Tasuku Honjo wa Japani ndiye aliyegundua PD-1, na James Allison wa Marekani alionyesha kwamba ukizuia breki nyingine ya aina hiyo, CTLA-4, kinga inarudi kupigana na saratani. Mwaka 2018 wakapewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja. Dawa zilizotokana na kazi hizo haziui saratani moja kwa moja. Zinanyang'anya ile barua, basi. Kazi wanaifanya walinzi.

Maswali mawili ambayo watu huyachanganya

Hapa naomba tuende polepole, maana hata wanafunzi wa uzamili tunajikwaa. Kiashiria kinaweza kujibu swali moja kati ya mawili, au yote mawili, lakini ni maswali tofauti.

Swali la kwanza: mgonjwa huyu ataendeleaje? Swali la pili: mgonjwa huyu dawa hii itamsaidia? Wingu jeusi juu ya ziwa linakuambia mvua inakuja. Halikuambii mtumbwi upi utahimili mawimbi.

MSI ni mfano mzuri kwa sababu inajibu yote mawili, na majibu yake yanashangaza. Kwa saratani ya hatua ya pili, mwenye MSI kwa kawaida ana nafuu kuliko asiye nayo. Hilo ni jibu la swali la kwanza. Kuhusu dawa, mgonjwa huyo wa hatua ya pili hafaidiki na tibakemikali ya fluorouracil ikitolewa peke yake baada ya upasuaji. Yaani ukimpima ukakuta MSI, unaweza kumwepusha na miezi sita ya kutapika, kuharisha na nauli ya kwenda na kurudi, bila kumpunguzia nafasi ya kupona.

Kwa saratani iliyosambaa mambo yanageuka. Mwaka 2015 watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, walijaribu dawa ya pembrolizumab, mojawapo ya zile zinazonyang'anya barua. Kati ya wagonjwa 10 wa saratani ya utumbo mpana ambao uhakiki wao ulikuwa umeharibika, 4 uvimbe wao ulisinyaa. Kati ya 18 ambao uhakiki wao ulikuwa mzima, hakuna hata mmoja. Mwaka 2020 jaribio la wagonjwa 307 wenye MSI lilionyesha kwamba waliopewa pembrolizumab walikaa miezi 16.5 kwa wastani wa kati kabla ugonjwa haujaendelea, dhidi ya 8.2 kwa waliopewa tibakemikali. Mwaka 2022 likaja la New York: wagonjwa 12 wa kwanza wa saratani ya puru yenye uhakiki ulioharibika walimaliza miezi sita ya dostarlimab, na uvimbe ukatoweka kwa wote 12 bila upasuaji wala mionzi.

Usichukulie ni muujiza wa kila mtu. Katika lile jaribio la wagonjwa 307, karibu 3 kati ya 10 waliopewa pembrolizumab ugonjwa uliendelea tu. Na walinzi wakifunguliwa breki wanaweza kupiga wasio na hatia: utumbo mzima, ini, mapafu, tezi ya shingoni. Bei nayo ni balaa. Marekani dawa hii inazidi dola 100,000 kwa mwaka.

Kwa hiyo kipimo chenyewe kina maana gani Mwanza? Kina maana, na kubwa. Kujua kama uhakiki umeharibika hakuhitaji mashine ya kusoma vinasaba. Kipande kilekile cha uvimbe kilichohifadhiwa kwenye nta kinakatwa wembamba, kinapakwa kingamwili zinazonasa zile protini nne, kisha kinatazamwa kwa hadubini ya kawaida. Kiini cha seli kikigeuka kahawia, protini ipo. Kikibaki bluu wakati seli nzima za jirani ni kahawia, protini imepotea. Maabara zenye bajeti ndogo zinaweza kuanza na protini mbili tu, PMS2 na MSH6, kwa sababu mwenza wao akipotea nao kwa kawaida hupotea.

Jibu hilo moja linagusa na familia. Wahakiki wakiwa wameharibika kwa kurithi, hali hiyo inaitwa sindromu ya Lynch, na iko kwa karibu asilimia 3 ya wagonjwa wa saratani hii. Mtoto wa mwenye nayo ana nafasi ya nusu kwa nusu kuirithi. Ukijua mapema, ndugu wanapimwa kwa kamera ya utumbo kuanzia ujanani, na vinyama vinatolewa kabla havijawa saratani.

Jeni 20,000 na sarafu moja

Tukirudi kwenye zile jeni za kinga: ukitafuta utakuta makala nyingi sana zinazosema "tumegundua jeni saba za kinga zinazobashiri saratani ya utumbo mpana." Nyingine jeni tano, nyingine kumi na mbili. Cha ajabu, orodha hazifanani. Kwa nini?

Utaratibu wenyewe unakwenda hivi. Unachukua data za RNA za wagonjwa mia chache, mara nyingi kutoka hifadhi za wazi mtandaoni. Unamwomba kompyuta atafute jeni ambazo wingi wake unaendana na muda ambao mgonjwa aliishi. Unazichuja hadi zibaki chache, unazipa uzito, unapata alama moja. Wenye alama kubwa kundi hili, wenye ndogo kundi lile. Unachora mistari miwili ya uhai na ikiachana vizuri unafurahi. Nami nimefanya hivyo, na nimefurahi hivyohivyo.

Lakini fikiria hivi. Wape watu 20,000 sarafu moja kila mmoja, kila mtu arushe mara kumi. Kwa bahati tu, karibu 20 kati yao watapata kichwa mara zote kumi. Je, hao 20 wana kipaji? Warudishe kesho uone. Jeni 20,000 kwa wagonjwa 300 ni mchezo uleule: lazima baadhi zitaonekana hodari. Ndiyo maana alama yoyote ya jeni ni ya kushuku mpaka ijaribiwe kwa wagonjwa wengine kabisa, wa hospitali nyingine, ikiwezekana wa bara jingine. Immunoscore iliaminika kwa sababu ilipita hapo, na kwa sababu ina maelezo ya kibayolojia tunayoyaelewa.

Ukisoma makala ya namna hii jiulize mambo matatu: ilijaribiwa kwa watu wapya? Inaongeza kitu juu ya hatua ya saratani na MSI ambavyo daktari tayari anavyo? Na wagonjwa wake walikuwa akina nani?

Kinga iliyolelewa ziwani

Hilo la tatu ndilo letu. Kinga ya mwili inajifunza kutokana na inayopambana nayo, na kinga ya mtu aliyekulia mwaloni imepambana na mengi. Chukua kichocho cha tumbo, Schistosoma mansoni. Minyoo yake inaishi kwenye mishipa ya damu inayozunguka utumbo. Mayai yake yananasa kwenye ukuta wa utumbo na kwenye ini, na seli za kinga zinayazunguka na kujenga vinundu. Baada ya muda mwili unageuza mkakati: badala ya kushambulia kwa nguvu, unatuliza, ili usijiumize wenyewe.

Sasa pima jeni za kinga kwenye utumbo wa namna hiyo. Kelele unazozisikia ni za sungusungu wanaomfukuza saratani, au ni za ugomvi wa zamani na kichocho? Na kimya unachokisikia ni cha walinzi waliolala, au walizoeshwa kutulia? Alama iliyotengenezwa kwa wagonjwa wa Paris au Boston haina sababu ya kujua tofauti. Lazima ijaribiwe kwenye sampuli za kwetu.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kichocho cha hapa kinaleta saratani ya utumbo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, linaweka kichocho cha mkojo kwenye kundi la visababishi vilivyothibitishwa, kwa saratani ya kibofu. Kile cha Asia, Schistosoma japonicum, kiko kwenye kundi la "huenda". Mansoni wetu kiko kwenye kundi ambalo ushahidi hautoshi. Shida kubwa ya kichocho kwa sasa ni nyingine: kinatoa damu kwenye choo. Saratani nayo inatoa damu kwenye choo.

Baba yangu mkubwa alitoka damu karibu mwaka mzima. Zahanati ya kwanza alipewa dawa ya kichocho, ya pili dawa ya amiba, ya tatu akaambiwa bawasiri. Yeye mwenyewe alikuwa mvuvi, kichocho alikuwa anakijua tangu utotoni, hakuona sababu ya kubishana. Alipofika hospitali kubwa alishapungua hadi mkanda wake ulihitaji tundu jipya.

Tisa kati ya 297

Nimeliacha mwisho jambo linalonisumbua kuliko yote.

Kwenye ule utafiti wa Bugando, kati ya wagonjwa 297 waliotoka hospitali wakiwa hai, ni 9 tu waliopatikana kwenye ufuatiliaji hadi mwisho wa miaka mitano. Asilimia 3. Wengine walipotea njiani, na watafiti waliandika wazi kwamba takwimu za uhai wa muda mrefu hazikupatikana kwa sababu hiyo. Nawaheshimu kwa kuiandika.

Sasa rudi kwenye namna alama ya jeni inavyotengenezwa. Unahitaji vitu viwili: kipande cha uvimbe, na mwisho wa hadithi. Aliishi au alikufa? Ilimrudia au haikumrudia, na lini? Ukiwa na RNA bora kuliko zote duniani bila hilo la pili, huna cha kubashiri. Mashine inaweza kununuliwa. Hatima ya wagonjwa 288 hainunuliki.

Baba mkubwa alipasuliwa, akarudi kliniki mara mbili. Mara ya tatu nauli haikupatikana, ya nne ilikuwa msimu wa kilimo, baadaye akawa hawezi tena kusafiri. Kwenye daftari la hospitali, nadhani, ameandikwa hakurudi. Sisi nyumbani tunaijua tarehe. Tunajua na saa. Namba ya simu ya mwanawe ilikuwa kwenye faili na mpaka leo inapatikana. Hakuna aliyewahi kupiga, na sisi hatukujua kwamba kuna mtu angetaka kujua.

Watu huniambia ufuatiliaji wa hivyo hauwezekani huku kwetu. Mwanza inasema vingine. Kati ya 1991 na 1994 mkoa huu ulifanya jaribio maarufu la kutibu magonjwa ya ngono ili kupunguza maambukizi ya VVU. Watu zaidi ya 12,000 kutoka jamii 12 waliandikishwa vijijini, visiwani na kandokando ya barabara, na miaka miwili baadaye karibu asilimia 71 walionekana tena. Matokeo, maambukizi mapya kupungua kwa karibu asilimia 40, yalisomwa dunia nzima. Kisesa, wilayani Magu, kuna jamii inayofuatiliwa kuhusu VVU tangu 1994. Najua si ulinganisho wa haki. Wale wengi wao walikuwa wazima na muda ulikuwa mfupi. Lakini ulifanyika bila simu za mkononi. Leo simu iko mkononi mwa karibu kila familia.

Kwa hiyo ukiniuliza Kanda ya Ziwa inahitaji nini kwanza kwenye jeni za kinga na saratani ya utumbo, sitataja mashine. Nitataja kipimo cha zile protini za uhakiki kwa kila uvimbe unaotolewa, nta yake itunzwe vizuri, na mtu mmoja mwenye simu, vocha na daftari, anayepiga kila baada ya miezi sita. Juu ya msingi huo, jeni zitakuja na zitakuwa na la kusema kuhusu sisi.

Na wewe je?

Ukiona damu kwenye choo, choo kimebadilika kwa wiki kadhaa, unapungua bila sababu au una upungufu wa damu usioeleweka, nenda kapime. Ukipewa dawa ya kichocho, amiba au bawasiri, meza. Damu ikirudi baada ya dozi, usikubali dozi ya pili ya kubahatisha: omba daktari akupime njia ya haja kubwa kwa kidole na akuelekeze kwenye kamera ya utumbo. Usione aibu. Kidole hicho kinachukua dakika moja.

Kama kwenye ukoo wenu kuna watu wawili watatu waliougua saratani ya utumbo au ya mji wa mimba, hasa kabla ya miaka 50, mwambie daktari bila kusubiri aulize. Ukitolewa kinyama, uliza kama protini za uhakiki zinaweza kupimwa.

Na kama mliuguza mtu akafa nyumbani, piga simu kliniki aliyokuwa anatibiwa, au mkipita mjini ingieni. Semeni jina lake na tarehe. Mimi wiki iliyopita nilipanda na binamu yangu kupeleka ya baba mkubwa. Muuguzi alitafuta faili muda mrefu, akalipata, akaandika. Akatuuliza kama tulikuwa na haja nyingine. Tukamwambia hapana, ni hilo tu.